Lithuania: Kwa nini wapandao vilima vya mchanga vya Nida hutakiwa wasiiache njia

Mgeni afikaye Nida, mji mdogo wa pwani ya Lithuania, hukipanda kilima cha mchanga cha Parnidis kwa ngazi za mbao, kisha hurejea kupitia msitu wa misonobari. Ni matembezi mepesi ambayo hata wazee na watoto huyamudu, ila kwa sharti moja: asiiache njia.

Nida imo katika Kuršių Nerija, ukanda mwembamba wa mchanga wenye urefu wa kilomita 98 ambao Lithuania inagawana na jirani yake, Urusi. Zamani ukanda huo ulifunikwa na misitu ya asili. Ilipokatwa ovyo, hasa katika karne za 17 na 18, haikubaki mizizi ya kuushika mchanga. Upepo wa Bahari ya Baltiki ukausukuma hadi ukafukia vijiji, makanisa na makaburi. Nida yenyewe haipo tena pale ilipoanzia.

Katika karne ya 19 zilijengwa nyua za matawi ufukweni ili kuuzuia mchanga, yakapandwa majani, kisha misonobari mifupi ya milimani inayostahimili upepo. Hivyo sehemu kubwa ya msitu unaodhaniwa kuwa wa asili imepandwa kwa mikono.

Parnidis kimeachwa wazi, nacho kinazidi kupungua kimo: nyayo hung'oa majani na kuuporomosha mchanga, upepo ukaupeperusha. Kusini yake ni hifadhi isiyoruhusiwa kuingiwa, na kilomita chache mbele ni mpaka wa Urusi. UNESCO iliziorodhesha pande zote mbili mwaka 2000 kuwa eneo moja la urithi wa dunia.