Visoda Kumi na Viwili

Kwenye vijiwe vya Chato, kete za drafti hazinunuliwi dukani. Huokotwa. Kila mchezaji anahitaji visoda kumi na viwili, na shughuli kubwa ya anayevikusanya ni rangi: vyekundu vya Coca-Cola upande huu, vya bluu vya Pepsi upande ule. Vya kijani vya Sprite hukaa kwenye kopo mpaka vitimie.

Rangi ina sababu yake. Katika isolo, bao la Wasukuma, mbegu haina mwenyewe wa kudumu. Ukiiteka inakutumikia wewe, kwa hiyo mbegu zote zinaweza kufanana. Drafti ni kali zaidi. Kete ikiliwa inatoka, na zinazobaki lazima zijulikane ni za nani. Rangi zikikosekana, visoda vya mmoja hulazwa chali na vya mwenzake kifudifudi, mchezo ukaendelea. Lakini jicho linachoka upesi, ugomvi unaanza, na ndiyo maana kijiwe kinachojiheshimu hutafuta rangi mbili.

Mwaka 1955, kampuni ya nyama ya Armour huko Marekani ilitia katika pakiti za soseji sarafu za plastiki zenye sura za wachezaji wa besiboli, kwa rangi mbalimbali. Hadi leo wakusanyaji huilipia zaidi rangi adimu ya mchezaji yuleyule. Kijiweni hesabu ni kinyume. Kisoda cha bia ngeni kutoka mbali, hata king'ae vipi, hakina kazi. Kinachothaminiwa ni chenye ndugu kumi na mmoja. Nakiona kipimo hicho kuwa cha haki, kwa kuwa kinamfanya mpita njia yeyote aweze kuchangia.

Jua nalo lina mkono wake. Chekundu kilichochezewa miezi mingi hupauka, na kikiwekwa karibu na kipya huonekana kama cha kinywaji kingine. Wazoefu hawavichanganyi, wakibadilisha kimoja hutafuta kilichopauka vilevile.

Kisoda cha bati ni ubunifu wa William Painter wa Baltimore, aliyepewa hataza mwaka 1892. Kilikuwa na meno 24, siku hizi 21. Huku kimepata kazi nyingi: watoto wa darasa la kwanza huhesabia, na kwenye kambi za wachimbaji wadogo huwekwa chini ya kichwa cha msumari ili turubai lisichanike.

Kwenye drafti kina adabu yake pia. Kijana humwamkia mzee shikamoo, akaketi, kisha akamla kete tatu kwa mpigo bila kumhurumia, na mzee hachukii. Kula ni lazima, umri hausamehe. Anayefungwa humpisha anayesubiri. Watazamaji, Wazinza, Wasukuma, Wasubi na Wahaya, wote hufundisha kwa sauti.

Sasa chupa za plastiki zinaongezeka, na vifuniko vyake vyeupe na vya bluu vimeingia ubaoni. Ni vyepesi, havitoi ule mlio wa bati kete inapogongwa kwa ushindi. Pale Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yanatunza ngoma na viti vya watemi. Ningependa yapokee pia ubao mmoja wa drafti kutoka Chato, pamoja na visoda vyake ishirini na vinne vya bati, vilivyopauka hivyohivyo.