WAGENI KATIKA MILIMA YA INDIA



Ukitaja India, wengi wetu tunafikiria nguo, sinema, maduka na watu waliojaa mjini. Wapo ndugu zetu waliokwenda huko kwa matibabu au kwa masomo. Wakirudi wanasimulia juu ya joto na msongamano. Ni wachache wanaosimulia juu ya milima. Kumbe India ina milima mingi, tena mirefu, na wananchi wa kule wanaipenda sana. Kila mwaka mamilioni ya watu hufunga safari kwenda kuitazama. Leo tutazungumza juu ya safari hizo. Kwa nini watu wanapanda? Wanapandaje? Na mlima wenyewe unapata nini kwa kutembelewa?

Kwanza tuijue milima yenyewe. Kaskazini mwa India iko milima ya Himalaya. Imejipanga kama ukuta wa kilomita 2,400 hivi, ukipita katika nchi kadhaa. Kilimanjaro chetu kina mita 5,895, nacho ndicho kirefu kuliko milima yote ya Afrika. Sasa linganisha: mlima Kangchenjunga, ulioko mpakani mwa India na Nepal, una mita 8,586. Kusini mwa nchi iko milima mingine, mifupi zaidi na mikongwe zaidi. Safu mojawapo huitwa Nilgiri, maana yake milima ya buluu.

KUKIMBIA JOTO

Mwezi wa Mei nchi tambarare ya kaskazini huwaka kama tanuri. Mjini Delhi joto hupita digrii 40, na siku nyingine hufika 45. Usiku watu hawapati usingizi. Lakini ukipanda juu, kila mita 1,000 joto hupungua kadiri ya digrii 6. Wenyeji wa Tanga wanalijua jambo hili bila kuambiwa na mwalimu. Ukitoka Mombo kwenda Lushoto, unaanza safari na shati jepesi, unafika unatafuta sweta. Wajerumani walipotutawala walipanda Lushoto kukimbia joto la pwani.

Waingereza walipotawala India walifanya vivyo hivyo, tena kwa ukubwa. Kuanzia mwaka 1864 waliufanya mji wa Shimla, ulioko kadiri ya mita 2,200 juu ya bahari, kuwa makao makuu ya serikali yao wakati wa joto. Kila mwaka serikali nzima ilihama. Makarani, majalada, makabati na wapishi walipandishwa mlimani, na baridi ilipoanza wote waliteremshwa. Je, mizigo hiyo ilipandaje kabla ya reli? Sehemu kubwa ilibebwa na wapagazi, watu maskini wa milimani, migongoni mwao. Wageni wa siku hizi husifu sana majumba ya zamani ya Shimla. Ni mazuri kweli, lakini migongo ile nayo itajwe.

GARIMOSHI LINAPANDAJE MLIMA?

Gurudumu la garimoshi ni chuma kitupu, na reli ni chuma kitupu. Mahali penye mteremko mkali, chuma juu ya chuma huteleza. Mafundi wa India walifanya nini? Walitumia akili za namna tatu, na mpaka leo wageni huenda kuziona.

Njia ya kwanza ni ya Shimla. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1903. Inaanzia Kalka, chini kabisa, nayo ina urefu wa kilomita 96. Badala ya kupanda moja kwa moja, inauzunguka mlima polepole, kona baada ya kona. Palipo na bonde wamejenga daraja. Palipo na mwamba wameutoboa. Yako mahandaki 102 na madaraja zaidi ya 800. Garimoshi linachukua kama saa tano. Mtu mwenye haraka apande basi.

Njia ya pili ni ya Darjeeling, mji ulioko mashariki, uliozungukwa na mashamba ya chai. Reli yake ilimalizika mwaka 1881. Ni nyembamba mno: toka chuma kimoja hadi cha pili ni futi mbili tu. Mahali pengine garimoshi linapanda, linasimama, linapanda tena kinyumenyume, halafu linasimama na kwenda mbele. Ni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji anayekikata kilima mshazari, huku na huku, badala ya kukikabili uso kwa uso. Kituo cha juu, Ghum, kiko mita 2,258. Njiani reli hupita karibu sana na milango ya maduka.

Njia ya tatu iko kusini, katika milima ya Nilgiri, kuelekea mji wa Ooty. Hapo mteremko ni mkali sana. Katikati ya reli mbili wameweka chuma chenye meno, kama meno ya msumeno. Chini ya injini liko gurudumu lenye meno pia. Meno hukamata meno, na garimoshi halirudi nyuma. Tena injini haivuti mabehewa, bali huyasukuma kutoka nyuma. Safari ni kilomita 46 tu, lakini kupanda huchukua karibu saa tano.

Huko Darjeeling ndiko alikoishi Tenzing Norgay. Tarehe 29 Mei 1953, yeye na Edmund Hillary wa New Zealand walikuwa watu wa kwanza kujulikana kufika kileleni mwa Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Mwaka uliofuata shule ya kufundisha kupanda milima ilianzishwa mjini humo, na Tenzing akawa mwalimu wake mkuu wa mazoezi.

MAJI YALIPOPUNGUA

Wageni huleta fedha. Hilo hatulipingi. Mwenye hoteli anapata, dereva anapata, mama anayechoma mahindi kando ya barabara naye anapata. Katika miji mingi ya milimani kazi nyingine ni chache. Vijana wangeteremka wote kwenda Delhi kama wageni wasingekuja.

Lakini mgeni anaoga. Anafuliwa mashuka. Anakunywa. Na mji ulioko juu ya mlima hauna mto mkubwa unaopita mlangoni. Maji ya Shimla husukumwa na pampu kutoka vijito vilivyo chini mabondeni. Mwaka 2018 theluji ilikuwa imeanguka kidogo wakati wa baridi, na vijito vikapungua. Mwishoni mwa Mei, wakati wageni ni wengi kuliko siku zote, mabomba yakakauka. Watu walipanga foleni na ndoo hata usiku. Shule za serikali zikafungwa kwa siku kadhaa. Tamasha la kila mwaka la kuwapokea wageni likaahirishwa. Wenyeji wengine waliandika ujumbe na kuueneza nchini: tafadhalini, msije Shimla.

Mahakama ikaingilia kati. Ikakataza ujenzi na kuosha magari kwa juma moja. Ikaamuru pia kwamba magari ya maji yasipeleke maji kwa wakubwa mmoja mmoja, hata kama ni mawaziri au mahakimu. Tunadhani amri hii ya pili iliwafurahisha sana wale waliokuwa kwenye foleni.

MLIMA UNAPOCHOKA

Iko shida nyingine, nayo ni kubwa kuliko maji. Himalaya bado ni milima michanga kwa umri. Wataalamu wanaeleza kwamba ardhi ya India inalisukuma bara la Asia tangu miaka milioni 50 hivi iliyopita, na ardhi iliyokunjamana kwa kusukumwa ndiyo milima hiyo. Kusukumana hakujaisha. Kwa hiyo matetemeko hutokea, na miamba imejaa nyufa.

Juu ya hayo inakuja mvua. Ule upepo wa kusi tunaoujua hapa pwani, huvuka bahari, hukusanya unyevu, na kufika India mwezi wa Juni. Ukigonga milima, unamwaga maji mpaka Septemba. Udongo ukilowa sana huporomoka. Mji wa Nainital, wenye ziwa zuri linalopendwa na wageni, ulipata maporomoko ya ardhi tarehe 18 Septemba 1880. Watu 151 walikufa.

Sasa tutazame mji wa Joshimath, ulioko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Wahindu wanaokwenda kuhiji Badrinath hupitia hapo. Masingasinga wanaokwenda Hemkund hupitia hapo. Watalii wanaokwenda kuteleza juu ya theluji hupitia hapo pia. Basi zikajengwa hoteli, zikapanuliwa barabara. Lakini mji umekaa juu ya kifusi. Zamani sana mlima uliporomoka, na watu wakajenga juu ya udongo na mawe yaliyoporomoka. Mwaka 1976 tume ya serikali ilitoa taarifa yake: msijenge vitu vizito hapa, msichimbe mawe makubwa mteremkoni, pandeni miti, tengenezeni mifereji ya maji. Taarifa ikawekwa. Ujenzi ukaendelea.

Januari mwaka 2023 kuta nyingi zilipasuka. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha kwamba ardhi ilizama sentimita 5.4 ndani ya siku 12. Majumba zaidi ya 800 yalionekana na nyufa. Hoteli mbili ziliinama mpaka zikaegemeana kama walevi wawili. Mamia ya familia wakahamishwa katika baridi kali. Sababu zilitajwa nyingi: uzito wa majumba, maji machafu ya nyumba na hoteli yanayozama ardhini kwa kukosa mifereji, na mto unaokula chini ya mteremko. Wenyeji wengi walililaumu pia handaki la mradi wa umeme lililochimbwa karibu. Wenye mradi walikataa.

AKINA MAMA WA RENI

Si mbali na Joshimath kiko kijiji kinachoitwa Reni. Tarehe 26 Machi 1974 wanaume wa kijiji walikuwa wameitwa mjini kupokea fidia ya ardhi yao. Siku hiyo hiyo wakataji miti wakaja na mashoka. Mtoto wa kike akawaona, akakimbia kumweleza Gaura Devi, mama mjane aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wanawake kijijini. Gaura Devi hakusoma shule. Lakini miaka minne nyuma, mwaka 1970, aliona mafuriko makubwa katika mabonde yale. Alijua kwamba mlima usio na miti haushiki maji.

Akawakusanya wenzake 27, wakaenda msituni. Wakasimama kati ya mashoka na miti. Walitukanwa, wakatishwa, hawakuondoka. Wakakesha. Mwisho wakataji wakaondoka wao. Serikali ikaunda tume, na ukataji miti katika eneo lile ukasimamishwa kwa miaka 10. Harakati hizo ziliitwa Chipko, yaani kung'ang'ania, kwa sababu watu walikuwa tayari kuikumbatia miti.

Hatusemi kwamba Reni ilipata raha baada ya hapo. Mwaka 1982 nchi ya mlima Nanda Devi, jirani na kijiji, ilifanywa hifadhi na kufungwa, kwa sababu wapanda milima walikuwa wameacha takataka nyingi na kuharibu mimea. Taka zilikuwa za wageni, lakini wanakijiji ndio waliopoteza malisho na kazi ya kubeba mizigo. Walilalamika, tena kwa haki. Baadaye sehemu ndogo ilifunguliwa kwa wageni wachache. Halafu tarehe 7 Februari 2021, mwamba na barafu viliporomoka kutoka juu, mto ukafurika ghafla, na watu zaidi ya 200 wakafa au kupotea. Wengi walikuwa wafanyakazi wa miradi ya umeme.

MAMBO YA KUFANYA

Siku hizi serikali zinajaribu kuhesabu wageni. Mahujaji wanaokwenda Badrinath huandikishwa kabla ya safari. Tangu tarehe 7 Mei 2024, kwa amri ya mahakama, mwenye gari anayekwenda Ooty kutoka nje ya wilaya hupaswa kuchukua kibali kwanza. Wenye maduka walinung'unika. Sisi tunaona ni afadhali kunung'unika juu ya kibali kuliko juu ya bomba kavu.

Na wewe ukijaliwa kufika India, hebu zingatia haya. Kaskazini usipande mwezi wa Julai na Agosti. Barabara hufunikwa na udongo. Mwezi wa Oktoba na Novemba ni mzuri, mvua imekwisha na vilele vinaonekana. Chukua sweta hata kama chini ni jua kali. Ukipita mita 2,500 nenda polepole, lala njiani, maana hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma sana na kutapika kukianza, usijikaze, teremka. Maji ya kuoga, ndoo moja inatosha. Na uchafu wako rudi nao.

Upande wa kusini, milima hiyo ina ua moja la buluu liitwalo kurinji. Huchanua kwa wingi mara moja kila miaka 12, na mteremko mzima hubadilika rangi. Katika milima ya Munnar lilichanua mwaka 2018. Anayetaka kuliona huko aanze kuweka akiba, kwa kuwa zamu yake nyingine ni mwaka 2030.