Tarakilishi yajaribu kusoma umbo la punda milia kwa picha moja

MTALII anapompiga picha punda milia kule Samburu, kuna jambo moja ambalo kamera huliacha nje: kina. Mnyama mwenye tumbo, mgongo na mbavu hulazwa bapa kama karatasi.

Kwa kitu kigumu, mathalani jengo, taabu hiyo hutatulika. Ukilizunguka ukilipiga picha, jengo halibadiliki, hivyo tofauti kati ya picha hizo hutokana na mwendo wa kamera pekee. Mnamo 1992, Carlo Tomasi na Takeo Kanade walionyesha hesabu inayotoa umbo na mwendo kwa pamoja kutokana na msururu wa picha za kamera moja.

Punda milia ni kisa kingine. Hukunja shingo, hupumua, hutimka mbio. Picha ya pili ikitofautiana na ya kwanza, je, ni kamera iliyosogea au ni mnyama aliyejipinda? Kwa hesabu tupu, maumbo chungu nzima yaweza kuzaa picha ile ile.

Mwaka 2000, Christoph Bregler na wenzake walipendekeza umbo linalobadilika lichukuliwe kuwa mchanganyiko wa maumbo machache ya msingi. Uso unaocheka, kwa mfano, ni uso uliotulia ulioongezewa kiasi fulani cha umbo la tabasamu.

Lakini maumbo ya msingi ya mnyama wa porini yapatikane wapi? Binadamu huambiwa asimame wima mbele ya mashine apimwe. Nani atamwambia simba hivyo? Silvia Zuffi na wenzake walipata jibu la kuchekesha mwaka 2017: walipima vinyago 41 vya wanyama, wakiwemo simba, ng'ombe na viboko, wakaunda kiolezo kimoja cha mnyama wa miguu minne kinachoweza kunyooshwa na kukunjwa. Mwaka 2019 mbinu hiyo ilielekezwa kwa punda milia wa Grevy, ili mkao, umbo na milia yake vikadiriwe kutokana na picha moja.

Spishi hii imo hatarini kuangamia, na wengi wa waliosalia wako kaskazini mwa Kenya, ambako ukame wa 2022 uliua makumi yao. Kumlaza mnyama kwa dawa ya usingizi ili apimwe ni gharama, na ni hatari kwake. Umbo likisomeka vyema pichani, huenda mhifadhi akatambua aliyekonda bila kumgusa.

Hata hivyo, ambacho kamera haikukiona, tarakilishi hukikisia tu. Milia ya ubavu wa kushoto wa punda huyu si sawa na ya kulia; ndiyo maana washiriki wa sensa ya picha ya Great Grevy's Rally, mwaka 2016 na 2018, walitakiwa kupiga picha za ubavu wa kulia. Umbo la tarakilishi laweza kuonyesha pande zote mbili zikiwa zimepambwa vizuri, na mtazamaji asijue ushahidi umeishia wapi. Kwa mwenye kuwatambua punda hao mmoja mmoja, milia iliyokisiwa haina kazi.