Gegedu la goti likilika: Elewa majibu ya MRI

MGONJWA wa Lodwar au Kakuma anayetumwa Eldoret kupigwa picha ya MRI huweza kurudi na karatasi yenye maneno ya kutisha: gegedu la pia ya goti limelika, daraja la 3. Wengi hudhani goti limekwisha. Sivyo.

Gegedu ni tabaka telezi linalofunika upande wa nyuma wa pia, ili isikwaruzane na mfupa wa paja. Eksirei huonyesha mifupa, si gegedu. MRI, inayotumia sumaku, hulionyesha.

Madaraja yanayotumika yalitokana na kazi ya daktari R. E. Outerbridge ya mwaka 1961. Daraja la 1, gegedu limelainika. La 2, lina nyufa zisizofika nusu ya unene wake. La 3, nyufa zimepita nusu. La 4, mfupa umebaki wazi.

Lakini gegedu halina neva za maumivu, hivyo daraja halipimi maumivu. Katika utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, watu 710 wenye umri wa zaidi ya miaka 50, ambao eksirei zao hazikuonyesha ugonjwa, walipigwa MRI. Karibu 9 kati ya kila 10 walikutwa na kasoro, hata wasioumwa.

Pia ya goti huuma zaidi unapoteremka ngazi, unapochuchumaa, au unapoketi kwa muda mrefu magoti yakiwa yamekunjwa, kama mzee juu ya ekicholong, kigoda cha Waturkana. Kutembea mwendo mrefu katika mchanga wa Eliye Springs nako huchosha misuli ya paja inayoiongoza pia.

Dawa kubwa ni kuimarisha misuli hiyo. Lala chali, nyoosha mguu unaouma, uinue kiasi cha sentimita 30, hesabu hadi 5, uteremshe. Rudia mara 10 kila siku, kwa majuma 6 hadi 12. Punguza uzito ukizidi. Wengi hawahitaji upasuaji.

Nenda hospitali mara moja iwapo goti limekwama, limevimba ghafla baada ya kuumia, halibebi uzito, au lina joto pamoja na homa.

Kama huna dalili hizo, kabla ya kulipa nauli na gharama za MRI, muulize daktari wako: Je, majibu yatabadilisha matibabu yangu? Akisema hapana, anza mazoezi kwanza.