Randa ya Umeme: Mashine Isiyotaka Kusukumwa

Je, wajua kwamba randa ya umeme ya kushika mkononi hukata mbao zaidi ya mara 30,000 kwa dakika? Chukua Makita 1900B, inayopiga upana wa milimita 82. Rola yake huzunguka mara 16,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, nayo imefungwa visu viwili. Piga hesabu: mikato 32,000 kila dakika. Kampuni ya Makita ilianza Nagoya, Japani, mwaka 1915, ikiuza na kukarabati mota za umeme. Mwaka 1958 ikawa ya kwanza nchini humo kutengeneza na kuuza randa ya umeme.

Kwa kasi hiyo ya mikato, fundi hana haja ya kutumia nguvu. Kazi yake ni kuiongoza randa, na namna ya kuiongoza inaonekana upande wa chini. Chomoa waya kwanza, kisha uigeuze. Kuna mabamba mawili bapa, na katikati yake rola. Bamba la nyuma halisogei; liko usawa mmoja na makali ya visu. Bamba la mbele hupanda na kushuka ukizungusha kifundo cha mbele. Tofauti ya mabamba hayo mawili ndiyo kina cha mkato. Ukiweka nusu milimita, visu vitakula nusu milimita, hata ukiikandamiza kwa uzito wako wote. Utakachopata ni mota kuchoka na mkanda wa rola kulika.

Hapo ndipo linapotoka kosa linalowasumbua wengi, kijibonde mwishoni mwa mbao. Unapoanza, bamba la mbele tu ndilo limelala juu ya mbao, kwa hiyo uzito uwe mkono wa mbele. Katikati, mikono yote igawane. Unapokaribia mwisho, bamba la mbele huwa limeshavuka mbao na kubaki hewani. Ukiendelea kulibonyeza, mashine huinama na visu huzama. Hamishia uzito mkono wa nyuma kabla hujafika huko.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukisogeza mita 4 kwa dakika, mkato mmoja na unaofuata huachana kwa sehemu ya nane tu ya milimita. Ukienda mara mbili ya hapo, umbali huo huongezeka maradufu, na ukizidisha kasi zaidi, viwimbi huweza kuonekana vanishi ikishakauka ukiitazama mbao kwa mshazari. Kupunguza unene, ongeza kina na uende kwa mwendo wa wastani. Mapito ya mwisho yawe membamba na ya polepole.

Mbao yenyewe ikaguliwe kabla. Mbao zilizowahi kutumika huficha misumari. Mvule una hila yake ya kuzaliwa: ndani ya mti huu huweza kujengeka vipande vigumu vya madini ya chokaa, mawe hasa, ambavyo hutia visu mapengo mara moja. Nyuzi zake pia hupishana, hivyo kina kikubwa huunyofoa uso. Na mlango uliovimba wakati wa masika ukihitaji kupunguzwa chini, usipitishe randa moja kwa moja kutoka kona hadi kona. Kona ya mwisho itapasuka. Anza kila upande uje katikati.

Kuhusu usalama, kumbuka kwamba kuzima swichi hakusimamishi rola papo hapo. Fundi akiiweka mashine mezani rola ingali inazunguka, itaichimba meza, itaruka, au itavuta waya wake yenyewe. Isubiri inyamaze, kisha iweke ubavuni au utangulize kipande cha mbao chini ya bamba la mbele. Mikono yote miwili ishike mashine, na mbao ibanwe kwa jiliwa au klampu. Kamwe usishike mbao kwa mkono mmoja huku unapiga randa kwa mwingine. Maranda yakiziba mlango wa kutokea, chomoa waya, kisha uyatoe kwa kijiti.

Miwani na vizibo vya masikio watu huvikumbuka, barakoa husahaulika. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa saratani ya pua na vijishimo vyake. Maranda makubwa huanguka chini, lakini vumbi laini hubaki likielea karakana nzima.

Visu vibadilishwe viwili kwa pamoja. Kimoja kikiwa kipya na chenzake kimelika, rola hupoteza mizani, mashine hutetemeka, na kisu kimoja ndicho hufanya kazi ya viwili. Kabla ya kuiwasha, laza rula kwenye bamba la nyuma huku waya umechomolewa, na uzungushe rola kwa mkono taratibu: kila kisu kinapaswa kuigusa rula kidogo tu, bila kuinyanyua.