Ukiambiwa Huna TB, Usirudi Nyumbani Bado

Majibu ya maabara yakisema kwamba vimelea vya kifua kikuu havikuonekana, wagonjwa wengi wa huku kwetu humshukuru Mungu, wakakunja karatasi na kupanda matatu ya kurudi Runyenjes, Nkubu au Maua. Mwezi haujaisha kikohozi kiko palepale. Wanapita kwa kemisti, wanauziwa amoksilini. Isipofaa wanauziwa nyingine yenye jina gumu na bei kali zaidi, na baadaye sindano. Nimetibu vifua katika kaunti za Meru na Embu kwa muda wa kutosha kuona kwamba karatasi ile husomwa visivyo na mgonjwa, na mara nyingine na sisi tunaovaa koti jeupe. Imejibu swali moja tu. Kikohozi kinabeba maswali kadhaa.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutafuta chembe za urithi za bakteria wa TB ndani ya kohozi. Kwa muda wa saa 2 hivi inaonyesha kama wamo, na kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa tunayoitegemea kuliko zote. Ni chombo kizuri sana. Hata hivyo hupima kilichomo kikoponi, na mtu aliyeharakishwa kwenye foleni hutema mate. Kohozi lenye maana hutoka chini kifuani. Litoe asubuhi kabla ya kunywa chai, baada ya kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa, ukiwa nje penye upepo na mbali na watu. Mtoto mdogo asiyeweza kutoa kohozi hana haja ya kuteswa, kwa kuwa tangu 2020 Shirika hilo limekubali kinyesi chake kipimwe kwa mashine hiyohiyo.

Kuna kosa la upande wa pili, la kungoja kikohozi. Kenya ilipofanya utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu mwaka 2015 hadi 2016, ilikadiria wagonjwa 558 katika kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Takwimu iliyonikosesha usingizi ni nyingine: zaidi ya nusu ya waliogunduliwa wangepotea kama wangeulizwa tu, "Umekohoa zaidi ya wiki mbili?" Eksirei ndiyo iliyowafichua. Kwa hiyo anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku au anayeishi nyumba moja na mgonjwa wa TB apigwe picha hata kama hakohoi. Wanaume wa Igembe wanaokesha wakitafuna miraa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, na wenzao wa Mbeere walio na muguka, nao nawahesabu humu. Ugonjwa hausafiri kwenye kijiti wala kwenye jani. Unasafiri kwenye hewa ambayo watu kumi wanaivuta na kuirudisha usiku kucha.

Sasa tuchukue aliyepimwa vizuri, kohozi safi, picha haina TB, na bado anakohoa. Hapa ndipo kazi inapoanza.

Mgonjwa wangu wa kawaida katika kundi hili ni mama aliyepita miaka hamsini, hajawahi kushika sigara. Mazungumzo yetu hayatofautiani sana.

"Shosho, unapika na nini?"

"Na kuni, daktari. Kwani kuna kingine?"

"Na moshi unatokea wapi?"

"Unatoka tu."

Githeri ya mahindi makavu na maharagwe huchukua saa mbili au tatu kuiva, na kuni ndizo zinazomudu kazi hiyo. Ukipanda kuelekea msituni, juu ya Chogoria au kule Timau, mwezi wa Julai baridi huingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo mlango wa jikoni hufungwa na moto huachwa ukiwaka hata baada ya sufuria kuipuliwa. Msichana huanza kukaa hapo akiwa mgongoni mwa mamake, na hukaa hapo mpaka awe shosho mwenyewe. Moshi huo huchoma utando wa mirija ya hewa kidogokidogo. Mirija hunenepa kwa ndani, hujaa ute, na vifuko vidogo vya hewa mwishoni mwake hupoteza mnyumbuko. Hewa inaingia lakini kutoka ni taabu. Huu ndio ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, tunaouita COPD, na vitabu vingi vilivyoandikwa ng'ambo huuweka mlangoni pa mvuta sigara peke yake.

Mikroskopu haiuoni ugonjwa huu, na eksirei huweza kuonekana njema kwa miaka. Unaonekana kwa kupuliza. Spirometa ni chombo anachopuliza mgonjwa kwa nguvu zake zote, angalau sekunde 6, kisha kinalinganisha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote. Tunampa salbutamoli ya kuvuta, tunangoja dakika 15 hivi, anapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa bado chini ya asilimia 70 ya yote, mirija imeziba. Ikiwa dawa imeongeza hewa hiyo kwa asilimia 12 au zaidi, na kwa mililita 200 au zaidi, tunaielekea pumu. Mahali pasipo na spirometa, kile kibomba cha plastiki cha kupimia kasi ya pumzi hutosha kwa kuanzia: mgonjwa anapuliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na pumu hujitaja kwa kupanda na kushuka kwa namba. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kozi za antibiotiki zilizonunuliwa bure.

Watu wataniuliza kuhusu majiko bora. Nayapenda, na bomba la kutolea moshi nalipenda zaidi, ila sitaki kuahidi makubwa. Jaribio kubwa lililofanywa katika vijiji vya Malawi katikati ya miaka ya 2010 liliwapa akina mama majiko yenye moshi mchache, na nimonia ya watoto wao haikupungua. Moshi ulikuwa na njia nyingine za kuwafikia. Kwa shosho ambaye mapafu yake yamekwisha kuumia, ushauri wangu huwa mnyenyekevu zaidi: maharagwe yalowe usiku kucha ili yaive upesi, dirisha la jikoni lifunguliwe, na kukesha karibu na moto kuachwe.

Dawa za pumu na za COPD zinaonewa aibu kidogo nchini. Wengi huona inhela kama hukumu, eti ukishaianza umefika mwisho, kwa hiyo hupendelea vidonge. Vidonge vya salbutamoli hupita mwili mzima kabla ya kufika kifuani, hutetemesha mikono na kuupigisha moyo mbio. Sindano na vidonge vya steroidi huleta nafuu siku ileile, na ndiyo sababu vinapendwa. Vikirudiwa kila mwezi hupandisha presha na sukari na kudhoofisha mifupa. Mwenye pumu anahitaji inhela yenye steroidi kidogo, ivutwe hata siku anazojisikia mzima, maana shida yake ni uvimbe ndani ya mirija, na salbutamoli peke yake haiutibu. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haitaki mtu mzima aachwe na salbutamoli tupu.

Na ivutwe inavyopaswa. Ukijipulizia mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi hubaki kooni. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linaloshika mdomo wa inhela bila kuvuja, puliza mara moja, kisha vuta pumzi polepole mara tano kupitia shingo ya chupa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya namna hiyo huwafaa watoto wenye pumu sawa na kifaa cha dukani.

Watoto wa chini ya miaka mitano wana hesabu yao. Mzazi huweza kuifanya kwa saa ya simu, mtoto akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa aliye na miezi 2 hadi 11, pumzi 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka, ni dalili ya nimonia. Mbavu zikibonyea ndani apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Akikataa kunyonya au akizidi kulegea, ni hospitali bila kungoja kuche. Chanjo ya nyumokokasi iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 imepunguza nimonia kali, haikuimaliza.

Kuna kikohozi kingine ambacho sisi wenyewe tumekileta. Mtu anaanzishiwa enalaprili kwa ajili ya presha, na baada ya wiki chache anapata kikohozi kikavu cha kuwasha koo. Anapimwa TB, anapigwa picha, anapewa dawa ya kifua, na hakuna aliyemwomba afungue mfuko wake wa dawa. Akibadilishiwa losartani, kwa kawaida kikohozi huisha chenyewe. Asiiache dawa ya presha bila kuniambia, lakini aniambie.

Wagumu kuliko wote ni waliowahi kuugua TB wakapona. Matibabu ya miezi 6 yalithibitishwa hapahapa kwetu. Majaribio ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yaliyochapishwa kuanzia 1972, ndiyo yaliyoonyesha dunia kwamba rifampisini hukata muda wa dawa uliokuwa ukifikia mwaka mmoja na nusu. Bakteria hufa, makovu hubaki. Mapafu yenye makovu hukohoa, hupata maambukizi mengine, huota hata kuvu kwenye mashimo yaliyoachwa. Mgonjwa huyo akipigwa eksirei, asiyemjua huona alama na kumrudisha kwenye dawa za TB mara ya pili, na nimekutana na waliorudishwa mara ya tatu, bila bakteria hata mmoja kupatikana. Wengine walikuwa na COPD. Wachache walikuwa na saratani iliyopewa miezi ya kukua.

Kwa hiyo zile picha zilizo kwenye bahasha kubwa ya kaki, zisitupwe wala zisiwekwe juu ya dari karibu na moshi. Kovu lililokaa vilevile kwa miaka minne ni habari moja, na doa ambalo halikuwepo mwaka jana ni habari nyingine kabisa. Njoo na zote, ya zamani na ya juzi, pamoja na kadi ya TB na mfuko wa dawa zote unazomeza, hata zile ulizonunua kwa kemisti bila cheti.