Uvimbe wa mtoto: Uliza kinyama kimepelekwa wapi

Mtoto anapoota uvimbe pajani, shingoni au pembeni mwa jicho, maneno huwa mengi. Jirani husema ni jipu, mwingine husema karogwa, na wapo wanaomnong'oneza baba kwamba damu ya upande wa mama ndiyo mbaya.

Uvimbe mwingi wa watoto si saratani. Lakini unaozidi kukua wiki hadi wiki, uliopita sentimita 5 au uliojificha ndani ya misuli unahitaji daktari, hata kama hauumi.

Yanafanana, dawa tofauti

Daktari hukata kinyama kidogo kikapimwe. Kazi ngumu huanzia hapo. Chini ya hadubini, rabdomayosakoma, ambayo ni saratani ya misuli, inaweza kufanana na sakoma ya Ewing, au na limfoma ya Burkitt, ile ya taya iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt aliyekuwa Kampala. Zote huonyesha seli ndogo za mviringo zilizosongamana. Matibabu yake hayafanani.

Kinachozitofautisha mara nyingi ni jeni. Chukua kanga mbili zilizochanika, kisha nusu ya moja ikashonwa na nusu ya nyingine: jina linalosomeka ni jipya kabisa. Katika sakoma ya Ewing, kwa kawaida vipande vya kromosomu ya 11 na ya 22 huungana hivyo, na ujumbe mpya huamuru seli ziongezeke ovyo. Katika aina moja ya rabdomayosakoma, jeni ya PAX3 huungana na FOXO1. Mtoto mwenye muungano huo huwa na ugonjwa mkali zaidi, na mara nyingi huhitaji tiba nzito zaidi.

Hakuna wa kulaumiwa

Muungano huu hutokea ndani ya seli ya mtoto mwenyewe. Hakuurithi kwa mama wala kwa baba.

Mzazi, uliza haya

Kabla ya upasuaji: kinyama kitapelekwa maabara gani, na majibu nifuate lini? Kisitupwe, wala kisikae kwenye maji. Kiwekwe mara moja kwenye dawa ya kuhifadhi, formalini.

Majibu yakitoka, omba nakala. Uliza pia kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta kiko wapi. Kipande hicho hudumu miaka, na kinaweza kusafirishwa hadi maabara yenye kipimo cha jeni, maana si kila maabara inacho.

Kwa familia inayotoka Kagunga au Kalya kwa boti hadi Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, kisha ikapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, hilo si jambo dogo. Kipande cha nta kikipatikana, mtoto anaweza kuepuka kukatwa tena. Nauli na gharama zikikushinda, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaamua kurudi nyumbani.